Je, wajua kwa nini mwenye ndevu anaweza kuhitaji kupimwa mlango wa kizazi?

Kwenye daftari la zahanati, kuanzia Ujiji hadi Kasulu, kuna safu ya jinsi: Me au Ke. Mhudumu hutazama sura, hujaza, huita anayefuata. Kwa walio wengi hilo halina shida.

Lakini yupo aliyezaliwa akaandikwa Ke, akakua akijijua ni mwanamume, pengine akatumia homoni ya testosteroni hadi ndevu zikaota na sauti ikawa nzito. Huyo ni mwanamume transijenda. Homoni hizo haziondoi kizazi. Kama hakufanyiwa upasuaji wa kukitoa, mlango wa kizazi upo, na saratani yake, ambayo karibu yote husababishwa na virusi vya HPV, inaweza kumpata. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye mlango wa kizazi waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Kipimo chenyewe si kigeni: hupakwa asidi ya siki, na sehemu yenye dalili za hatari hugeuka nyeupe. Ila nani atamwita, ilhali daftari linasema Me?

Mwanamke transijenda, yaani aliyezaliwa akaandikwa Me akakua akijijua ni mwanamke, naye hubaki na tezi dume, hata baada ya upasuaji wa sehemu za siri. Akiwa anatumia estrojeni, mguu mmoja ukivimba ghafla, tabibu afikirie damu kuganda.

Tabibu wengi walisoma kwamba hali hii ni ugonjwa wa akili. Mwongozo wa magonjwa wa kimataifa, ICD-11, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, umeiondoa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuiweka kwenye afya ya kujamiiana. Mafunzo kazini yaanzie hapo.

Kiswahili chetu kimetupa “yeye” isiyobagua. Tatizo ni heshima zetu za dirishani: “Mama, sogea,” “Baba, kaa pale.” Kwa mtu transijenda, neno hilo moja mbele ya benchi zima linaweza kumtangaza, na akiondoka huenda asirudi. Mimi naona bora aitwe kwa jina alilojitajia. Mengine yaulizwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa: nikuiteje, unatumia dawa gani, umewahi kufanyiwa upasuaji gani? Majibu yaandikwe kwenye faili lake, yasisomwe dirishani.