Je, wajua kwa nini kutu huhifadhi nguo kuliko dhahabu?

Katika makaburi ya Wafranki na Waalamani, makabila ya kale ya Ulaya, waliozikwa kati ya karne ya 5 na ya 7 katika nchi za leo za Ufaransa na Ujerumani, nguo zimeoza karibu zote. Vinabaki vipande vidogo, mara nyingi vya ukubwa wa ukucha, vimeng'ang'ania bizimu la mkanda. Kwa nini hapo?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bizimu zito lilikilalia kitambaa likakikinga na maji. Sivyo. Lalisha jiwe juu ya kanga ardhini, kanga itaoza vilevile. Na kama kinga ingetosha, dhahabu ingeshinda, maana haiharibiki kabisa. Kule Sutton Hoo, kwenye kaburi la kale huko Uingereza, mwaka 1939, lilifukuliwa bizimu la dhahabu la zaidi ya gramu 400, lakini masalia ya nguo yalishika kwenye vazi la vita la pete za chuma. Dhahabu haina cha kuupa uzi. Chuma kinacho, kwa sababu chenyewe kinaoza.

Fikiria ukuta wa udongo. Mchwa wakishazila fito, hubaki matundu yenye umbo la fito, hata alama za kamba zilizozifunga. Ndivyo ilivyo kaburini: unyevu huyeyusha chuma kidogo kidogo, kikapenya na kuzizunguka nyuzi, kisha kikaganda kuwa kutu kabla bakteria hawajamaliza kuzila. Kwa hiyo kinachoitwa kitambaa mara nyingi ni kutu tupu yenye umbo la kitambaa, umbo kamili kiasi kwamba hadubini huweza kuonyesha magamba ya sufu! Shaba hufuata njia nyingine: chumvi zake ni sumu kwa bakteria na kuvu, hivyo uzi wenyewe huweza kusalimika.

Hapo mtaalamu husoma mtande (nyuzi za urefu), mshindio (nyuzi zinazoukata mtande) na upande uzi uliosokotewa. Kitambaa cha nyuma ya bizimu huenda ni vazi; cha mbele huenda ni joho au nguo iliyofunika maiti, ingawa mwili ukioza vitu husogea. Rangi kwa kawaida imepotea, na mikono ya vazi, isiyokuwa na chuma, haisemi kitu.

Kinachoniuma ni kwamba mengi ya mabizimu hayo ya chuma yalinakshiwa kwa nyuzi za fedha, na wasafishaji wa zamani walikwangua kutu ili waifikie nakshi. Nguo ilikuwa ndani ya kutu hiyo. Leo eksirei huiona fedha bila kukwangua chochote.