Stadi za kuhamishika za mtafiti, na maana ya kutambuliwa rasmi

Cheti cha uzamili au uzamivu husema jambo moja tu: fulani ametunukiwa shahada katika fani fulani. Hakisemi kwamba mwenye cheti aliibana bajeti ndogo ikamfikisha mwisho wa utafiti, aliomba vibali akavipata, aliwapatanisha wasaidizi waliogombana, alifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na alikaa na watu wasiojua takwimu akawaeleza takwimu wakaelewa. Ujuzi wa namna hii huitwa stadi za kuhamishika. Jina limetokana na tabia yake: haukufungwa na somo. Huenda uliupatia kwenye utafiti wa samaki, lakini ukiupeleka bandarini, benki au ofisi ya kaunti, unafanya kazi vile vile.

Kutambuliwa rasmi ni jambo la pili, na wengi huyachanganya mawili haya. Kuwa na ujuzi si kutambuliwa. Kuuandika kwenye wasifu kazi pia si kutambuliwa, maana hapo bado ni maneno yako mwenyewe. Unatambuliwa rasmi pale mwenye mamlaka ya kupima anapoushika ujuzi wako, akauweka kwenye kipimo kilichoandikwa na kinachojulikana, akataka ushahidi, akauchunguza, kisha akaweka jina la taasisi yake chini ya neno lake.

Mombasa dhana hii tunaiishi kila siku, ila tumeizoea kwa mafundi. Kijana anaingia gereji ya Changamwe akiwa wa kushikia wenzake spana. Baada ya miaka kadhaa anafungua injini na kuifunga peke yake, na cheti hana. Siku moja anajiandikisha kufanya gredi, mtihani wa ufundi unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Anaanza na gredi ya tatu, akiendelea hupanda hadi ya kwanza. Siku ya mtihani hafundishwi kitu. Anapewa kazi, mikono yake inatazamwa, anaulizwa. Akifaulu anatoka na ujuzi ule ule alioingia nao, lakini sasa mwajiri asiyemjua, awe wa Athi River au wa Dubai, anaweza kumwamini bila kumtafuta bosi wake wa zamani.

Wazee wengi waliosomea ufundi zamani wanaijua pia City & Guilds, taasisi ya London iliyoanzishwa mwaka 1878. Taasisi hiyo ilianzisha tuzo za kuwatambua wataalamu, kuanzia ngazi ya Licentiateship hadi Membership, ambazo mtu haendi kuzisomea darasani. Anaeleza kwa maandishi kazi aliyoifanya, anaambatanisha ushahidi, na wapimaji wanalinganisha na viwango vyao. Ni gredi ile ile, ila ya kazi za kalamu na za uongozi.

Kwa maoni yangu, mtafiti anayemaliza shahada yake ni fundi yule yule wa gereji, na shida yake ina kitu kimoja cha ziada. Fundi hana cheti kabisa, kwa hiyo kila mtu anaelewa kwa nini anataka kupimwa. Mtafiti ana cheti kikubwa cha jambo moja, na ukubwa wa cheti hicho ndio unaowafanya watu wadhani hana jingine analolijua.

Nitatoa mfano ninaoujua vizuri, kwa sababu ni wangu. Utafiti wangu wa uzamili ulihusu samaki aitwaye tafi, kwenye diko moja, mahali wavuvi wanaposhusha samaki, upande wa Likoni. Kwenye karatasi kazi ilikuwa nyepesi: pima urefu na uzito wa samaki waliotegwa kwa malema, mitego ya kusukwa, andika, kesho rudi. Asubuhi ya kwanza sikupima hata mmoja. Mvuvi alishusha kapu, mama karanga, wale wanaonunua samaki wakakaange na kuuza, wakalizunguka, bei ikapatana, na kabla sijautoa ubao wangu wa kupimia, tafi wote wamo ndooni. Nilipomwomba ami yule anisubiri kidogo, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, jua hilo latoka, na hawa mama wameacha watoto nyumbani."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa BMU, kamati ya wavuvi wa ufuo ule. Nikakaa naye barazani, nikamweleza natafuta nini na wao watafaidi nini. Yeye ndiye aliyenionyesha njia: nisipime kapu zima, nitoe kumi bila kuchagua, nimalize kabla bei haijakatwa, na kila mwisho wa mwezi niwasomee wavuvi nilichokiona. Nikajifunza kupanga kazi kwa bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, badala ya kalenda ya chuo. Kusi ilipochafuka na vyombo vikawa havitoki, posho ya msaidizi na nauli za matatu ziliendelea kula pesa ilhali data haiingii. Ikabidi nirudi kwa msimamizi wangu na ratiba mpya na hesabu mpya, nikazitetea mpaka akakubali. Na ile ahadi ya kuwasomea wavuvi matokeo ilikuwa ngumu kuliko kuitetea tasnifu mbele ya maprofesa. Mvuvi wa miaka 40 baharini hakubali wastani ukisemwa tu. Atakuuliza samaki wake wako wapi ndani ya wastani huo, nawe sharti umwonyeshe.

Ukiyaweka hayo kwa lugha ya ofisi, ni haya: kujadiliana na watu ambao maslahi yao hayalingani, kubuni njia ya kuchukua sampuli wakati muda ni mfupi, kusimamia mradi hali inapobadilika, kutoa ripoti kwa wasio wataalamu. Transkripti yangu haikutaja hata moja. Miezi michache baada ya kufuzu niliitwa kwenye usaili wa kazi ya kuratibu miradi, nikaulizwa nina uzoefu gani wa kusimamia mradi. Nikajibu sina, nilikuwa chuoni. Sikuwa nanyenyekea. Niliamini hivyo kweli, na kazi ikaenda kwa mwingine.

Ndiyo maana naona hatua ya kwanza ya kutambuliwa ni kuwa na majina ya hivi vitu. Uingereza walilifikia hilo mapema. Ripoti ya Sir Gareth Roberts ya mwaka 2002 ilieleza kwamba wahitimu wa uzamivu hawaandaliwi vya kutosha kwa kazi zilizo nje ya maabara, ikapendekeza kila mwanafunzi wa uzamivu apate angalau wiki mbili kwa mwaka za mafunzo ya stadi hizi. Mwaka 2010 taasisi ya Vitae ikatoa mfumo wa maendeleo ya mtafiti uliokuwa na sehemu kuu 4, matawi 12 na vipengele 63. Sehemu ya kwanza ilikuwa maarifa na uwezo wa kufikiri, ya pili namna mtu anavyojiendesha mwenyewe, ya tatu taratibu na usimamizi wa utafiti, ya nne kushirikiana na watu na kuleta athari. Mfumo huo wenyewe hautoi cheti. Unampa mtafiti maneno, na unampa mpimaji kipimo. Laiti ningekuwa na maneno hayo siku ile ya usaili.

Kwenye ualimu wa vyuo vikuu wamekwenda mbali zaidi. Advance HE, pia ya Uingereza, ina ushirika wa ngazi nne kwa wanaofundisha elimu ya juu, na mwanafunzi wa uzamivu anayesaidia kufundisha anaweza kuomba ngazi ya kwanza kwa kuonyesha alichokifanya darasani na kwa nini alikifanya hivyo. Upande wa machapisho kuna CRediT, orodha ya majukumu 14 ambayo majarida mengi huitumia kueleza kila mwandishi alifanya nini. Mwaka 2022 orodha hiyo ilipitishwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani. Jina lako linaweza kuwa la tatu kwenye makala, lakini ikaandikwa wazi kwamba wewe ndiye uliyekusanya data, au uliyechambua, au uliyesimamia uendeshaji wa mradi. Ndiyo, kuendesha mradi ni mojawapo ya yale 14. Makala ikishatoka, maandishi hayo anayasoma mtu yeyote popote alipo.

Kwetu Kenya, mfumo wa taifa wa sifa za elimu, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014 pamoja na mamlaka yake, KNQA, una ngazi 10. Uzamili uko ya 9, uzamivu ya 10. Nimesikia watu wakisema aliyefika ya 10 amemaliza, atambuliwe nini tena? Wanakosea. Ngazi hupima kina cha sifa moja, haipimi mtu mzima na yote anayoyaweza. Mfumo huo huo una nafasi ya kutambua mafunzo ya awali, yaani ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, jambo ambalo wengi wanalijua kwa herufi RPL: unaleta ushahidi, unahojiwa, unatenda mbele ya mpimaji, na kipimo ni viwango vya kazi husika. Huku pwani mazungumzo ya RPL ni ya fundi seremala, fundi umeme, mpishi wa hoteli, na ni haki yao kutangulia. Lakini wazo lenyewe halina mpaka. Chuo kinachomkabidhi mwanafunzi wa uzamivu darasa la vijana 60 kwa muhula mzima kinaweza pia kuandika hivyo kwenye karatasi yenye muhuri, ikaambatana na transkripti. Haitakigharimu chuo pesa nyingi, na mimi nitaendelea kulidai kila nikipata nafasi.

Hapa kuna mtego ambao vijana wengi wanauingia. Cheti cha kuhudhuria si cheti cha umahiri. Warsha ya siku mbili hotelini Nyali, chai ya saa nne, picha ya pamoja, kisha kila mmoja anaondoka na karatasi iliyoandikwa jina lake. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba ulikuwepo. Aliyesikiliza na aliyelala wamepewa moja. Kabla ya kulipia cheti chochote, uliza swali moja: kuna mtu anayeweza kufeli? Kama hakuna, basi hakuna aliyepimwa, na mwajiri mzoefu atalijua hilo kwa kutazama tu.

Na hata vyeti vyenye kipimo cha kweli vina masharti yake, usome vizuri kabla ya kutoa pesa. PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachojulikana sana, humtaka mwenye shahada ya miaka minne awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na amepata saa 35 za mafunzo. Uzoefu huo lazima uwe wa kikazi, kwa hiyo tasnifu peke yake isikutie matumaini. Ukiwa umeajiriwa kwenye mradi wa utafiti wenye mfadhili na mkataba, hapo una la kueleza. Anayeanza ana CAPM, ambayo haidai uzoefu bali saa 23 za mafunzo na mtihani.

Lakini njia zote hizi zinategemea ushahidi, na ushahidi wa utafiti hufa haraka kuliko mtu anavyodhani. Daftari la uwandani, bajeti ya kwanza na ile iliyorekebishwa, ratiba, barua pepe ya msimamizi akikubali mabadiliko, orodha ya waliohudhuria kikao, slaidi ulizotumia kufundisha: vitu hivi ukivitafuta miaka miwili baadaye utakuta kompyuta iliharibika na daftari liliachwa kwenye nyumba uliyohama. Kila kitu kiwe na tarehe. Kando yake andika mistari mitatu tu: hali ilikuwaje, ulifanya nini wewe mwenyewe, kikatokea nini. Neno "tulifanya" mpimaji hawezi kulipima. Anataka kujua mkono wako uko wapi. Na barua za ushuhuda ziombwe wakati aliyekuona bado yuko kwenye kiti chake.

Mimi hili sikulijua. Baada ya ule usaili, wakati nimeshaanza kuelewa, nilivuka feri nikarudi kwenye diko kuomba barua. Nilimkuta mwenyekiti mpya. Alinipokea vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, mimi sikukuona ukifanya. Nitaandikaje?" Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki. Akanielekeza nyumbani kwa yule wa zamani. Nikamkuta anashona nyavu chini ya mwarobaini. Akacheka kuniona, akaniuliza kama tafi bado nawapima. Nilipomweleza shida yangu aliagiza daftari la mjukuu wake, akachana ukurasa, akaandika pale pale kwa mkono: miezi 13 niliyokuja, namna nilivyopima bila kuwachelewesha wavuvi, na vikao vya kila mwisho wa mwezi. Akaweka sahihi. Kisha akaitazama karatasi kwa muda, akasema, "Muhuri nilikabidhi ofisini siku niliyotoka."

Barua hiyo ninayo. Kila neno lililo ndani yake ni kweli, na chini, panapotakiwa kuwa na muhuri, pako wazi.