Nani kageuza modeli yangu?

Kwenye skrini ya kompyuta, nimeizungusha modeli ya braketi, kipande cha chuma cha kushikilia, mpaka imekaa nitakavyo. Naona ndani ya tundu, naona ukingo wa nyuma, na nishajua mstari wa kwanza utaanzia wapi. Nabofya uso mmoja nianze skechi, yaani mchoro bapa unaozaa umbo, mara skrini nzima inazunguka na kuniachia mstatili mtupu, bapa kama karatasi. Tundu limejificha, ukingo umejificha, nami nimebaki nikijiuliza nilitaka kuchora nini.

Nimefundisha kwa miaka kadhaa programu za kusanifu vipande vya mashine, na hili ni lalamiko nisilolikosa kwenye darasa lolote. Mmoja atasema kipanya kimekufa, mwingine atasema kompyuta imeingiwa na virusi. Hakuna kilichokufa. Programu inakutendea wema ambao hukuuomba.

Kwanza tuelewane: modeli haijasogea hata kidogo, iliyohama ni kamera, yaani pembe unayoitazamia. Ukitaka kuhakikisha, pima koordineti (namba zinazoonyesha mahali) za pembe moja kabla na baada ya skrini kugeuka. Namba ni zilezile. Nalisisitiza hili kwa sababu mtu akishtuka hukimbilia Ctrl+Z, amri ya kutengua, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kwenye SolidWorks, mojawapo ya programu hizi, amri hiyo haihesabu mizunguko ya kamera, kwa hiyo utafuta kazi halisi huku mwonekano ukibaki umegeuka vilevile. Cha kubonyeza ni Ctrl+Shift+Z, kinachorudisha mwonekano uliotangulia. Programu nyingine nazo zina vitufe vyao: Inventor hutumia F5, Rhino kitufe cha Home. AutoCAD ina tabia yake: U ya kutengua hurudisha nyuma hata kukuza na kusogeza skrini.

Baada ya hapo, kabla sijagusa mpangilio wowote, huuliza swali moja tu: ulifanya nini sekunde moja kabla skrini haijageuka?

Jibu likiwa "nilifungua skechi", basi mkosaji tumeshampata. Programu nyingi za modeli za pande tatu, ukichagua bapa la kuchorea, hukutazamisha nalo uso kwa uso. Waliobuni hivyo walikuwa na sababu. Duara likitazamwa kwa mshazari huonekana duaradufu, na pembe mraba huonekana imelala. Anayeanza huweza kudanganyika vibaya. Shida ni kwamba skechi nyingi hazichorwi jangwani. Unazishikiza kwenye kingo na matundu yaliyopo tayari, na mengine yako nyuma ya bapa au yamesimama juu yake. Ukingo uliosimama wima, ukiutazama kutoka juu moja kwa moja, hugeuka nukta. Utauchaguaje?

Uso wa nyuma ndio mbaya zaidi. Mwanafunzi wangu mmoja alifungua skechi mgongoni mwa bamba, kamera ikazunguka upesi, naye akaendelea kuamini kwamba kushoto kwake bado ni kushoto kulekule. Matundu mawili ya bolti yakakaa upande usio wake. Vipimo vyenyewe vilikuwa sahihi, hakuna namba hata moja iliyokosewa, ndiyo maana mimi pia niliikagua skechi nikaipitisha. Tuligundua wakati wa kuunganisha vipande, bolti zilipokutana na chuma kisicho na tundu.

Tangu siku hiyo mzunguko huo nimeuzima. SolidWorks huuweka kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya Sketch, kisanduku kinachoanza na maneno Auto-rotate view. Inventor nayo ina kisanduku cha namna hiyo kwenye sehemu yake ya Sketch. Fusion inakiita Auto look at sketch, ndani ya mapendeleo ya Design. Ondoa alama, basi. Ukitaka kulitazama bapa uso kwa uso, omba mwenyewe: kwenye SolidWorks ni Ctrl+8. FreeCAD ina njia ninayoipenda zaidi, kwani hukuwezesha kuamua kamera irudi ilikokuwa mara tu ukifunga skechi.

Jibu likiwa "nilibadilisha mfumo wa koordineti" na programu ni AutoCAD, andika UCSFOLLOW, jina la mpangilio unaohusika, kwenye mstari wa amri. Thamani yake ya kawaida ni 0. Ukiikuta ni 1, kila ukiuhamisha mfumo wa koordineti, skrini inarukia mwonekano wa plani, yaani wa kutazama kutoka juu moja kwa moja. Kinachowachanganya watu ni kwamba mpangilio huu huhifadhiwa ndani ya mchoro wenyewe, tena kwa kila dirisha la kuonyeshea peke yake. Unaweza kufanya kazi mwaka mzima kwa amani, halafu ukapokea faili la mwenzako lenye tabia hiyo, na dirisha moja likawa linaruka huku la jirani limetulia tuli. Kabla hujasakinisha programu upya, irudishe 0.

Mchemraba wa kona ya juu, ViewCube, ukiugusa kwa bahati mbaya, mwonekano hugeukia upande ulioubofya. Gurudumu la kipanya likibofywa mara mbili, AutoCAD huonyesha mchoro wote, na wenye vidole vizito huliita jambo hilo "kuruka". Na kama mwonekano unatambaa polepole bila wewe kugusa chochote, acha mipangilio. Chomoa kwanza kipanya cha pande tatu, kile cha kuzungushia modeli, kama unacho. Vifaa hivyo hupoteza sifuri yao, vikadhani vinasukumwa hata visipoguswa, na kuvisawazisha upya ni kazi ya dakika moja.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi huzima na mimi nawasihi wakiache: ule mwendo laini wa kamera kutoka mwonekano mmoja hadi mwingine. AutoCAD huudhibiti kwa VTENABLE, na muda wake kwa VTDURATION, ambao kwa kawaida ni milisekunde 750. Wanaopenda kasi huweka VTENABLE kuwa 0. Sasa kamera inahama kwa pigo moja, na jicho halipati kuona imepitia wapi. Yule mwanafunzi wangu angeweza kujinusuru kama kamera ingezunguka taratibu, aone bamba likigeuka mgongo. Kama 750 inakukera, jaribu 300.

Na ile pozi ya braketi iliyonigharimu kuitafuta, siku hizi naihifadhi kwa jina. AutoCAD ina amri ya VIEW kwa kazi hiyo. Kwenye SolidWorks nabonyeza upau wa nafasi, naongeza mwonekano mpya, naubandika jina kama "tundu_nyuma". Skrini ikigeuka, upau wa nafasi tena, nabofya jina, nimerudi nilipokuwa.