Data za mwendo: simu inamwambia nini mtafiti?

Fomu za ridhaa za utafiti siku hizi zina sentensi moja inayozidi kuzoeleka: tutakusanya data za GPS (mfumo wa kujua mahali kwa setilaiti) na vihisi (vipimaji vidogo vilivyomo ndani) kutoka kwenye kifaa chako. Mtu anasomewa, anaitikia, anatia saini, maisha yanaendelea. Ukimuuliza baadaye alikubali nini, atakwambia, "Watakuwa wananiona nilipo." Si uongo, ila jibu hilo limeacha mengi, na baadhi ya yaliyoachwa ndiyo ya kujali zaidi.

Data za mwendo ni rekodi ambazo kifaa cha kubebeka kinajiandikia chenyewe, bila mwenyewe kuulizwa: kilikuwa wapi, saa ngapi, kinatikisika vipi, kimelala au kimesimama. Kifaa kinaweza kuwa simu janja, saa ya mkononi, au kiboksi kisicho na kioo kilichofungwa kwenye ngalawa. Mtafiti anazipenda kwa sababu kumbukumbu za binadamu ni dhaifu. Muulize muuza samaki wa Deep Sea, hapa Tanga, wiki iliyopita alitembea kilomita ngapi. Atakujibu kwa adabu, na jibu litakuwa la kubahatisha.

Tuanze na GPS, maana hapo ndipo penye dhana potofu kubwa. Wengi tunaamini setilaiti iko juu inatuangalia. Setilaiti za GPS hazijui hata kama simu yako ipo. Kazi yao ni kutangaza: mimi ni fulani, niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu inasikiliza, inapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, kisha inapiga hesabu yenyewe. Ndiyo maana GPS inafanya kazi bila laini na bila bando. Bando linahitajika kupakua ramani au kutuma rekodi kwa mtafiti. Anayejua ulipo, basi, ni simu, na baada ya simu ni yeyote ambaye programu iliyomo inampelekea habari.

Mfumo wenyewe ni wa Marekani. Una setilaiti zisizopungua 24, umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na kila moja ina saa ya atomiki, yaani saa iliyo sahihi mno. Urusi, Ulaya na China nao wana mifumo yao, na simu nyingi za sasa husikiliza zaidi ya mmoja kwa pamoja. Mawimbi hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Simu haina saa ya atomiki. Kwa sababu hiyo inahitaji kusikia setilaiti nne: tatu hazitoshi, maana ya nne ndiyo inayosaidia kurekebisha saa ya simu yenyewe.

Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa inayavuruga kwa makusudi mawimbi waliyotumia raia, na kosa liliweza kufika mita mia. Uvurugaji huo ulizimwa Mei 2 mwaka huo. Kabla ya hapo ungeweza kufuatilia meli. Mama anayetoka nyumbani kwenda kisimani usingempata. Leo simu ikiwa mahali pa wazi, tuseme ufukweni Raskazone, hukosea kwa mita tano hivi. Iingize ndani ya nyumba ya mabati na kuta nene, itaanza kurukaruka, na kwenye ramani utamwona mtu aliyelala usingizi anazunguka uani usiku kucha.

Kuna aina nyingine ya data ambayo watu huichanganya na GPS, nayo ni ya minara ya simu. Kila unapopiga au kutuma ujumbe, kampuni inaandika mnara uliokuhudumia. Hata kitochi kinaacha alama hii, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu malaria Zanzibar ulitumia rekodi za miezi mitatu za laini zaidi ya 770,000 kujua wakazi wa visiwani wanasafiri kwenda wapi bara na kwa muda gani, ili kukadiria malaria inayorudi nao. Kenya, utafiti wa mwaka 2012 ulitumia laini karibu milioni 15 na kuonyesha jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Viktoria. Lakini mnara hautoi nukta, unatoa eneo. Mjini Tanga eneo hilo linaweza kuwa mitaa michache; ukienda maporini Handeni, mnara mmoja unabeba vijiji. Ukitaka kujua nani alihama mkoa, minara inatosha. Ukitaka kujua nani alikaa kando ya dimbwi la mbu saa mbili usiku, unahitaji GPS.

Faili la GPS lenyewe halina ramani wala picha. Ni mistari kama huu:

2024-06-12 04:14:05, -5.0689, 39.0988, 6, 1.3

Tarehe, saa, latitudo, longitudo, kadirio la kosa kwa mita, na kasi kwa mita kwa sekunde. Huyu yuko katikati ya jiji la Tanga, anatembea kwa miguu. Alama ya kutoa mbele ya 5 maana yake ni kusini mwa ikweta. Ikipotea wakati wa kunakili, mkazi wako wa Tanga anahamia kusini mwa Ethiopia. Ukibadilishana latitudo na longitudo anaibukia Hispania. Makosa haya yote mawili ni ya kawaida mno, na angalau yana fadhila ya kuonekana mara moja ukifungua ramani.

Kosa la saa halionekani kirahisi hivyo. Hiyo 04:14 si alfajiri. Vifaa vingi huandika saa za dunia, kwa hiyo unaongeza tatu kupata 07:14, ambayo kwa mtu wa hapa ni saa moja na robo asubuhi. Sasa weka pembeni dodoso la karatasi ambalo mshiriki aliulizwa ametoka nyumbani saa ngapi, akajibu saa moja, na msaidizi wa utafiti akaandika 1:00. Una saa tatu kwa tukio moja, na kila moja ni sahihi kwa aliyeiandika. Mtafiti aliyekuja na programu ya uchambuzi kutoka ng'ambo atapata matokeo yanayosema watu wa Tanga huenda kazini usiku wa manane.

Vihisi vingine ndani ya simu havijui mahali, vinajua hali. Akselerometa inapima mtikisiko na mkao. Mwanafunzi anayeanza hushangaa kuona simu iliyolala mezani haisomi sifuri, inasoma karibu 9.8 (mita kwa sekunde kwa sekunde), kwa sababu inahisi meza ikiizuia isivutwe chini na mvutano wa dunia. Jairoskopu inapima mzunguko. Barometa, kwa simu zilizo nayo, inapima kanieneo ya hewa: karibu na usawa wa bahari, kila ukipanda mita nane hivi, hektopaskali moja inapungua. Gari likitoka Mombo kupanda Lushoto, barometa inachora mlima vizuri kuliko GPS, maana GPS ni hodari kwa upana lakini kwa urefu wa kwenda juu hukosea zaidi.

Vihisi vinalipa pale kasi peke yake inapodanganya. Tanga ni jiji la baiskeli. Kwenye faili, baiskeli na bodaboda iliyobanwa na watu karibu na soko zinaweza kwenda kasi ile ile, na GPS haitakwambia ipi ni ipi. Akselerometa inayoandika mara hamsini kwa sekunde inaona miguu ikikanyaga pedali kwa mdundo wa taratibu, na inaona injini ikitetemesha simu kwa haraka isiyo na mdundo wa mtu. Halafu kijana anaiweka simu kwenye kikapu cha mbele badala ya mfukoni, na hesabu yote inabidi ianze upya. Asilimia za usahihi unazosoma kwenye makala nyingi zilipatikana kwa watu walioelekezwa waweke simu mahali pamoja. Mtaani hakuna wa kuwaelekeza.

Tanzania ina mfano mzuri wa kazi hii, ingawa si wa pwani. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wamevaa vifaa vya GPS katika tafiti kadhaa. Mmoja, wa mwaka 2012, uliona wanaume wakitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku na wanawake 5.8. Utafiti huo haukuishia kwenye vifaa: ulipima pia nishati ambayo miili yao inatumia, na ukakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi sana ya watu wa nchi tajiri wanaoshinda wamekaa. Bila kile kipimo cha pili, kilomita zile zingebaki habari ya kushangaza tu.

Baharini GPS inafaa kwa sababu hakuna paa. Timor-Leste, maboti ya wavuvi wadogo yamefungwa vifaa vyenye paneli ndogo ya jua ili kujua wanavua wapi. Ukiiwazia ngalawa ya Sahare, mchoro wake ungesomeka hivi: mstari ulionyooka na wenye kasi kutoka ufukweni, kisha vijizungu vya polepole, kisha mstari wa kurudi. Vile vijizungu mtafiti anaviita uvuvi. Mara nyingi ni kweli. Lakini inawezekana pia upepo umekata na watu wamekaa wanangoja, au wanachota maji yaliyoingia chomboni. Kifaa hakijui. Na kama kilifungwa wiki mbili za kaskazi, usije ukatuandikia kwamba hivi ndivyo wavuvi wa Tanga wanavyovua. Subiri kusi ipige uone watakuwa wapi.

Kasoro kubwa zaidi ni ya wasiokuwemo. Bamvua maji yakipwa, wanawake wanateremka kutanda uduvi na kuokota chaza, wengine wako kwenye kamba za mwani, maji magotini. Nani anakwenda na simu huko? Inaachwa nyumbani, mara nyingi ni moja na inatumiwa na watu watatu. Kwa faili, mama huyo hakutoka. Ukichora ramani ya matumizi ya bahari kwa data za simu na vyombo peke yake, utapata bahari ya wanaume, na mpango utakaotokana nayo utafunga mwambao ule ule ambao "hautumiwi". Tafiti kubwa za dunia hazijapona ugonjwa huu. Ule wa mwaka 2017 uliolinganisha hatua za watu zaidi ya 700,000 katika nchi 111 ulikuwa, kwa asili yake, wa wenye simu janja waliochagua kuweka programu ya mazoezi.

Turudi kwenye fomu. Watafiti huahidi kuondoa majina, na ahadi hiyo peke yake ina uzito mdogo. Mwaka 2013 wachambuzi waliopitia rekodi za watu milioni moja na nusu walikuta kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 yao. Fikiria zako: unapolala, unaposhinda, msikiti au kanisa unaloingia, na kwa nani unakwenda Jumapili mchana. Mwaka 2018 ramani ya Strava, programu ya mazoezi, isiyo na jina la mtu hata mmoja, ilionekana kuanika kambi za kijeshi, kwa kuwa askari walikuwa wanakimbia kuzizunguka wakiwa na saa mkononi. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inahusu taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu, na kwa hesabu ya nukta nne, sioni data za mwendo zinavyoweza kukwepa humo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayekuletea fomu ni la tarakimu: kwenye faili atakalowapa wenzake, ataacha tarakimu ngapi baada ya nukta ya desimali kwenye latitudo na longitudo? Nne zinaonyesha mahali kwa mita kumi na moja hivi, yaani nyumba yako. Mbili zinaonyesha kwa kilomita moja na ushei. Kwa utafiti wa malaria kati ya wilaya na wilaya, mbili zinatosha kabisa. Kwa utafiti wa njia za bajaji hazifai kitu. Na hata hizo mbili hazimfichi kila mtu sawasawa. Ngamiani, kilomita moja ya mraba imejaa watu hata jirani hakutambui. Kwenye mashamba ya mkonge njia ya Pangani, inaweza kuwa na nyumba moja.