Kuchoma Taka si Usafi: Moshi wa Mitaani na Hewa ya Dar es Salaam

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakazi wengi wa Dar es Salaam hujitokeza kufagia, kufyeka nyasi na kuzibua mitaro, na kazi hiyo inastahili shukrani. Tatizo huanza marundo yanapowashwa moto, na malalamiko ya moshi huo yanazidi kutufikia.

Rundo la kawaida la mtaani lina majani ya mwembe, nepi, chupa za plastiki na makumbi mabichi ya madafu. Makumbi hayo hayawaki vizuri, bali hufukuta hadi usiku, na moto unaofukuta ndio unaotoa chembechembe laini kwa wingi. Zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo kuliko unene wa unywele kwa takriban mara 30, hufika ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha wastani wa mwaka wa chembechembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa hiyo dai kwamba moshi ukishapanda umekwisha halina msingi, na wanaowasha marundo ili kufukuza mbu wanapaswa kuacha mara moja, kwa kuwa wanaoathirika kwanza ni watoto waliolala chumba cha pili.

Magari chakavu ya dizeli na majiko ya mkaa nayo yana sehemu yake. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, lakini mafuta safi hayaponyi injini isiyofanyiwa matengenezo.

Mwenye malalamiko aanzie ofisi ya serikali ya mtaa, akitaja mahali, tarehe, saa na kinachochomwa, kwani taarifa isiyo na mambo hayo ni vigumu kuifuatilia. Asiporidhika, aende kwa afisa mazingira, ambaye sheria inaitaka kila halmashauri kuwa naye. Kwa kosa la kuchafua mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka faini isiyopungua shilingi 3,000,000 na isiyozidi 50,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili.

Majani yatengwe yawe mboji, chupa wapewe waokota chupa, na kilichobaki kisubiri gari la taka kikiwa kikavu na kimefungwa.