Kalibresheni kwanza, ramani ya joto baadaye

Ninapopima jinsi watu wanavyosoma ukurasa wa wavuti kwa kufuatilia macho yao, matokeo hutoka kama ramani ya joto: picha ya ukurasa iliyopakwa rangi pale macho yalipotua zaidi. Mabaka yake mekundu humvutia kila anayeiona, ndiyo maana mimi huifungua mwisho kabisa. Kwanza nakagua kalibresheni, yaani jinsi kifaa kilivyolinganishwa na jicho la mshiriki.

Kifaa cha kufuatilia macho humulika uso kwa mwanga wa infraredi, na kamera yake hutafuta vitu viwili: kitovu cha mboni, na nukta inayong'aa juu ya konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Jicho likigeuka, nafasi kati ya viwili hivyo hubadilika. Macho ya watu hayafanani, hivyo mshiriki huangalia kwanza nukta 5 au 9 zilizotawanywa kwenye skrini ili programu ilijue jicho lake.

Mketishe sentimita 60 hivi kutoka kwenye skrini, kwenye kiti kisicho na magurudumu. Kwa umbali huo, kosa la nusu digrii tu ni nusu sentimita, yaani takriban pikseli 20 kwenye skrini ya kompyuta ya kawaida. Mistari ya maandishi ikiwa imeachana kwa pikseli 24, unathubutuje kusema alisoma wa tatu na si wa pili? Kwa hiyo menyu au kitufe ninachopima nakizungushia mpaka wenye nafasi ya ziada, na viungo (linki) viwili vilivyobanana navihesabu kama eneo moja.

Mwisho wa kila kazi, mwonyeshe nukta tena. Akiwa amelegea na kushuka kidogo kitini, utaona matuo yote ya jicho, yaani mahali lilipotulia, yanaelea upande wa juu wa mistari, kila mstari kwa kiasi kilekile. Hiyo si tabia ya msomaji, ni kalibresheni imehama. Wanja mzito huweza kudhaniwa mboni, miwani huakisi taa za kifaa, na jua la dirishani lina infraredi yake. Funga pazia.

Kusogeza ukurasa nako kunaharibu mengi. Jicho limetulia palepale kwenye skrini, lakini kilicho chini yake si kilekile. Programu isiporekodi ukurasa ulikuwa umefika wapi, matuo ya aya ya kumi yatabandikwa kwenye kichwa cha habari.

Halafu tuo lenyewe. Katika kusoma, jicho hutua milisekunde 200 hadi 300. Likiganda sekunde nzima kwenye neno la menyu, limependezwa au limekwama? Namba haisemi. Mchezeshee mshiriki video inayoonyesha macho yake yalikopita kwenye skrini akishamaliza, umuulize hapo. Ukimtaka aeleze huku akitazama, atakikodolea kile anachokizungumzia, na utakuwa umepima maongezi yake.