Majani makavu ya viungo hayana ladha? Inategemea unayatia saa ngapi

Wengi tunaamini majani ya viungo yakishakaushwa yamekwisha kazi, yani ule mchanganyiko wa kwenye kichupa wenye oregano, thaimu, rozimari na mrehani ni pambo tu, ladha ya kweli iko kwenye mabichi. Inaeleweka, maana wengi hunyunyizia wakati sufuria inaepuliwa, mchuzi unabaki vilevile.

Sasa kukausha kunaondoa maji, ila yale mafuta yenye harufu kwenye oregano, thaimu na rozimari yanabaki kwa kiasi kikubwa, ndo maana kwa kawaida kijiko 1 cha makavu kinahesabiwa kama 3 vya mabichi. Ila yanataka muda. Yatie mapema, vitunguu vikishalainika au nyanya ikianza kuiva, yachemke pamoja na maharage au rosti kama dakika 20 hivi, utaona tofauti kabisa. Giligilani ndo kinyume chake, ikikauka harufu inapotea sana, hiyo kweli tumia mbichi na utie mwisho.

Kuhakikisha ni rahisi: weka kidogo kiganjani, sugua kwa kidole gumba, nusa. Harufu isipopanda basi majani yamechakaa, na mara nyingi ni kwa sababu kichupa kinakaa karibu na jiko kwenye joto na mvuke. Au gawa mchuzi sufuria mbili, moja utie mwanzo nyingine mwishoni, alafu onja zote. Na usinyunyize kutoka kwenye kichupa juu ya sufuria inayofuka jamani, mvuke unaingia ndani majani yanashika unyevu, chota kwa kijiko kikavu.